Miti Kumi na Tisa ya Kurkisaari

Jumatatu, 25 Novemba 1996. Nyuzi mbili chini ya sifuri.

Kompyuta ilinguruma tangu asubuhi, na saa nane mchana ikatoa jibu. Vipande mia nne na kumi na mbili vya msitu, miaka hamsini mbele, na kila kipande kinauliza lilelile: nikatwe lini? Ukikata mapema unapoteza ukuaji, ukichelewa mti unazeeka bure, ukikata vyote kwa pamoja wajukuu watakuta visiki. Juu ya hayo, kiwanda cha mbao kinataka magogo yake kila msimu wa baridi, mwaka kwa mwaka, bila kupungua. Kichwa cha mtu hakiwezi kuyashika hayo yote kwa pamoja, lakini hesabu inaweza. Miaka miwili nimeidai kampuni wanipe kompyuta hii, na leo bosi wangu Taisto Piirainen alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, akasema, "Haya, mama mahesabu, tuambie tukate wapi."

Kwa msimu huu imechagua vipande kumi na kimoja. Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni Kurkisaari.

Nikamwambia Taisto printa imekwama.

Jumanne, 26 Novemba.

Theluji siku nzima. Mume wangu Veijo kapika supu ya samaki, chumvi imezidi.

Alhamisi, 28 Novemba. Sifuri.

Nimebadilisha riba. Imechagua Kurkisaari. Nimepunguza magogo ya kiwanda kwa sehemu ya kumi. Imechagua Kurkisaari. Nimepandisha gharama ya kuhamisha mashine mpaka ikawa kichekesho. Imechagua Kurkisaari. Taisto akapita mlangoni: "Bado unaichokonoa tu? Si ilishajibu?" Nikamwambia najaribu uimara wa jibu. Ni imara kweli.

Jumapili, 1 Desemba. Nyuzi moja juu.

Veijo yuko sauna. Niandike sasa, nikichelewa sitaandika kamwe.

Juni 1978 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa misitu, na kazi yangu ya kiangazi ilikuwa kupima miti. Unaingia katika kipande, unasimama, unashika kibati chenye pengo kwenye mnyororo, unakisogeza mbele ya jicho na kuzunguka papo hapo ukihesabu kila mti unaolijaza lile pengo; unaolijaza kwa shida ni nusu. Unapima urefu wa mti mmoja wa kati, unaandika, unasogea. Kwa hesabu hiyo ya miti na urefu huo mtu anajua kipande kizima kina mita ngapi za ujazo za mbao. Nilipima vipande arobaini na vitatu kiangazi kile, na mbu walininyonya hadi nikawa mweupe kama karatasi.

Kurkisaari ni kisiwa, lakini si cha ziwani. Ni mwinuko wa ardhi kavu katikati ya kinamasi, mita mia saba za matope kila upande. Ilikuwa siku ya mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Veijo, ambaye siku hizo alikuwa tu kijana mwenye pikipiki na shati la bluu, aliniambia ataningoja barabarani saa tisa twende kwenye dansi. Saa nane na nusu nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kinamasi, maji yameshaingia ndani ya buti. Nikatazama ng'ambo. Misonobari mirefu, imenyooka, imejipanga kama ukuta. Nikaandika: miti kumi na tisa, urefu mita kumi na saba. Nikakimbia.

Veijo huisimulia siku ile kwenye kila harusi. "Alitoka msituni mbio, buti zinalia kwichi kwichi, akaniambia, nimemaliza kazi, twende!" Watu wanacheka na kupiga makofi. Nami hucheka.

Tangu wakati huo kila hesabu imekuwa ikiikuza miti yangu kumi na tisa, mwaka baada ya mwaka. Leo ndani ya kompyuta Kurkisaari ina mita za ujazo elfu saba, za miti iliyokomaa, mahali pamoja. Sijui kuna nini kule. Sijawahi kufika.

Ijumaa, 6 Desemba. Nyuzi tatu juu. Mvua.

Sikukuu ya Uhuru na mvua inanyesha! Veijo kawasha mishumaa miwili dirishani, huku anailaani hali ya hewa. Mimi nimelala vizuri. Kinamasi kisipoganda, hakuna mashine itakayovuka, na kisipovukwa mwaka huu naweza kurekebisha namba kimyakimya kiangazi kijacho.

Jumatano, 11 Desemba. Nyuzi nne chini.

Ossi Kemppainen kaja kunywa kahawa ofisini. Ndiye atakayevuna Kurkisaari. Mashine ni yake mwenyewe, tani kumi na tisa, anaiosha mara nyingi kuliko gari lake. Theluji imekilalia kinamasi kama blanketi na chini yake hakigandi, kwa hiyo kila siku anakwenda na pikipiki ya theluji kuikanyaga njia ya kukivukia, huku na huku, ili baridi ipenye.

"Dada Raili," akasema, "kompyuta yako haikujua kwamba mtu mzima ataendeshwa huku na huku kama kuku aliyepoteza mayai?"

"Ilijua. Imekuandikia saa sitini."

"Sitini! Basi iambie matako yangu yamefika tisini." Taisto alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha Ossi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama miti ya kule ni mizuri, maana mwaka jana walimpa vipande vidogo vidogo na akamaliza msimu akihamahama. "Hiki kimoja kikubwa kitanituliza," akasema. "Miezi miwili mahali pamoja. Hata mke wangu atanijua sura."

Nilimjibu kwamba takwimu ni nzuri. Sikusema uongo, takwimu ni nzuri sana.

Ijumaa, 20 Desemba. Nyuzi moja juu.

Matone yanadondoka kwenye mapaa. Ossi hakuja kunywa kahawa.

Jumanne, 24 Desemba.

Tumewasha mishumaa makaburini, kwa mama na kwa wazee wa Veijo. Nyuzi mbili juu, theluji ya majimaji. Kila mtu niliyekutana naye pale aliniambia anaiombea baridi. Nikaitikia amina kama mnafiki.

Alhamisi, 2 Januari 1997. Nyuzi thelathini na moja chini.

Imekuja. Kuta za nyumba zinalia. Gari halikuwaka mpaka saa nne. Ossi kapiga simu kutoka kinamasini, anapiga kelele kwa furaha: fimbo ya chuma anayopimia ardhi haizami tena.

Jumanne, 7 Januari. Nyuzi ishirini na nne chini.

Leo nimeshuka stoo ya chini kutafuta karatasi yenyewe. Nimeikuta. Mwandiko wangu wa kisichana, 19 na 17, doa la mbu. Na chini, kwenye mstari wa mkaguzi, kwa wino mweusi: "Nimekagua mahali. Sahihi. Machi 1986. T.P."

Nilikaa juu ya boksi nikacheka peke yangu. Taisto! Mtu anayerudisha penseli za ofisi anapokwenda likizo. Kama Taisto alivuka na kusema ni sahihi, basi ni sahihi, na mimi nimejitesa bure wiki sita. Nilikisia, na kisio langu likaangukia mahali pake. Hutokea.

Jioni nimemwimbia Veijo nikiosha vyombo. Kaniuliza nimekunywa nini.

Ijumaa, 10 Januari. Nyuzi kumi na nane chini.

Siku nzuri.

Jumatano, 15 Januari. Nyuzi ishirini chini.

Ossi kaleta ramani, kaitandaza juu ya vikombe. Wiki ijayo siku ya Jumatano lori linabeba mashine.

"Mzee," akamwambia Taisto, "wewe ulishafika kule. Nipandie upande gani? Wapi hakuna mteremko mkali?"

"Upande wa... mashariki," Taisto akasema. "Mashariki ni pazuri."

"Na ndani? Kuna mawe?"

"Ya kawaida tu. Ni muda sasa, bwana, miaka kumi na moja." Alikuwa anakoroga kahawa yake. Taisto hatii sukari wala maziwa tangu nimjue, na alikuwa anakoroga.

Nikamtazama. Akatazama dirishani.

Jumamosi, 18 Januari. Nyuzi ishirini na mbili chini, jua.

Nimevuka.

Nilimwambia Veijo naenda kuteleza na skii kidogo, nikachukua kibati, utepe wa kupimia, mkate na chupa ya chai. Njia ya Ossi ni ngumu na imenyooka, kazi ya mtu anayejali. Dakika kumi na mbili tu. Miaka kumi na minane na nusu nimekuwa na deni la dakika kumi na mbili.

Ile misonobari ya ukingoni ipo. Mirefu, mizuri, kama nilivyoiona siku ile. Ni safu moja, mahali pengine mbili. Nilipenya katikati yake nikajikuta nimetokea upande wa pili, kwenye uwazi.

Ndani hamna msitu. Kisiwa ni kama sahani, kingo juu na kati chini, na kati ni kinamasi kingine. Misonobari ya humo ni minene kama mkono wangu, imejaa ndevu za kuvu, pengine ina umri wa miaka mia na hamsini, imesimama tu. Nilitoa kibati, nikavua miwani iliyoganda, nikazunguka. Sita. Nikasogea hatua hamsini. Minne. Saba. Sita. Mitano. Urefu mita tisa. Niliandika nyuma ya karatasi ya mkate kwa sababu daftari sikulileta, kana kwamba bado nilitumaini sitalihitaji.

Kisha katikati nilichomeka fimbo ya skii kwenye theluji. Ikazama mpaka mkononi, na nilipoichomoa ilikuwa inachuruzika maji ya kahawia. Kwa nyuzi ishirini na mbili! Kuna chemchemi chini, haipati kuganda. Na Ossi angeingia hapo na tani kumi na tisa, akitafuta miti yangu.

Nilikaa juu ya skii zangu nikalia kidogo, kisha nikala mkate, maana njaa haijali.

Wakati wa kurudi nilielewa kitu ambacho nilipaswa kukijua kwa kazi yangu. Kompyuta haikukosea. Iliambiwa itafute panapolipa zaidi, na panapolipa zaidi siku zote patakuwa pale mtu alipotia chumvi. Katika vipande mia nne na kumi na mbili, iliufuata uongo wangu moja kwa moja.

Jumapili, 19 Januari.

Nimemwambia Veijo. Alikunja gazeti lake. Kisha: "Kwa hiyo hukuwa umemaliza kazi."

"Sikuwa nimemaliza."

"Na mimi nimejisifu harusi zote hizo." Akajikuna kidevu. "Bibie, lakini ulikimbia kweli, au siyo? Hiyo haikuwa uongo?"

Nikamwambia hiyo haikuwa uongo. Akaenda kuniwashia sauna.

Jumatatu, 20 Januari. Nyuzi kumi na tisa chini.

Saa ya kahawa, mbele ya Taisto, Ossi na mafundi wawili. Nilipiga moyo konde nikaweka ile karatasi ya mkate mezani. Nikasema nilichofanya 1978, nikasema nilichokikuta juzi, nikataja chemchemi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama nasoma bei ya mbao.

Ossi aliweka kikombe chini. "Nimeikanyaga njia ile wiki sita."

"Najua."

"Wiki sita, Raili! Nimekanyaga nikiwa na homa!" Hakuniita dada. "Na ulikaa hapo hapo unaninywesha kahawa na kuniambia takwimu ni nzuri!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Hivi hakuna mtu aliyekagua? Miaka yote hiyo?"

Ile karatasi ya stoo, yenye ukaguzi wa 1986, ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne. Nilimtazama Taisto. Taisto alitazama dirishani.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyepima."

Ossi akavaa kofia akatoka. Taisto akasema tutaangalia la kufanya, akarudi ofisini kwake, akafunga mlango taratibu. Nilimheshimu mtu huyu miaka kumi na mitano. Leo nimemkasirikia hata kwa namna anavyofunga mlango.

Jumanne, 21 Januari.

Lori limeghairiwa. Taisto kachukua likizo ya siku tatu.

Alhamisi, 23 Januari. Nyuzi tisa chini.

Baridi inalegea. Duka zima linajua. Mama wa mikate kaniuliza, "Kwani wewe ndiye yule wa miti ya kufikirika?" Nimesema ndiye. Kanipa mikate miwili kwa bei ya mmoja, sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Februari. Nyuzi kumi na nne chini.

Nimeandika sita na tisa mahali pa kumi na tisa na kumi na saba, nimeiendesha hesabu upya. Imenguruma saa tano. Badala ya Kurkisaari imechagua kipande namba 88, mlimani, njia ya kokoto mpaka mlangoni. Msitu mzuri, mnene, karibu. Nikashuka stoo kutazama ni nani aliyepima.

Ni mimi. Julai 1978. Miti ishirini na mmoja.

Nilimpigia simu Ossi, sikuwa na njia nyingine. Akasikiliza. "Na hiki ulikifikia?"

"Nafikiri nilifika."

"Unafikiri."

"Ossi, ni miaka kumi na minane. Kile kimoja nakikumbuka kwa sababu kilinisuta. Vingine nakumbuka mbu tu."

Akapumua kwenye simu. "Basi mashine yangu haisogei hata mita moja mpaka mimi na wewe tusimame humo ndani. Kesho saa nne. Na safari hii lete daftari."

Jumatano, 5 Februari. Nyuzi kumi na sita chini.

Alikuwa amefika kabla yangu, ameegemea gari, hakusalimia. Tukapanda mlima, yeye mbele. Theluji ilitufika mapajani. Msitu ulikuwa msitu: misprusi imeshikana mabega, giza chini yake. Hata hivyo sikuthubutu kufurahi. Nimeshaona misonobari mizuri.

Tulisimama katikati kabisa. Nikaweka kibati mbele ya jicho, nikazunguka, nikahesabu kwa sauti ili asikie. Ishirini na saba. Ndivyo inavyopaswa, ishirini na mmoja pamoja na ukuaji wa miaka yote hiyo. Hesabu ilikuwa imekisia ishirini na sita.

"Lete hapa," Ossi akasema. Akakinyakua kibati, akazunguka taratibu na ulimi nje kama mtoto anayechora. Akasimama, akarudia nusu.

"Ishirini na nane."

"Haiwezekani."

"Ule pale, nyuma ya kisiki. Umeuruka." Akanirudishia kibati. "Wewe mwanamke huna la kati. Ama unaongeza kumi na tatu, ama unanipunja mmoja."

Nilicheka mpaka machozi yakaganda. Yeye hakucheka, lakini alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, na tulipokuwa tunashuka akaniita dada.

Tumepima mahali saba. Jumatatu mashine inahamia 88.

Jumatatu, 10 Februari.

Mashine imeingia. Ofisini Taisto anaongea nami kuhusu petroli na karatasi za printa. Hatuna mazungumzo mengine.

Ijumaa, 21 Machi. Nyuzi kumi na moja chini alfajiri, mbili juu mchana.

Siku za ukoko zimeanza: theluji inayeyuka juu mchana, usiku inaganda, na asubuhi inambeba mtu popote. Kila siku kabla ya saa nne natembelea vipande vyangu vya 1978. Mpaka sasa thelathini na kimoja. Vyote nilivifikia. Nimeanza kumkumbuka yule msichana kwa wema kidogo.

Ossi amemaliza 88. Kiwanda kimepata magogo pungufu, na jumla ya mpango mzima imeshuka kwa asilimia mbili. Makao makuu wameuliza kwa nini. Nimewaandikia kwa nini, ukurasa mmoja, jina langu tu.

Jumamosi, 19 Aprili. Nyuzi tatu chini alfajiri.

Ukoko wa mwisho. Kipande cha arobaini na tatu nilikiacha makusudi, na Veijo kaomba tuende wote. Alikuwa anasukuma skii na kupumua kama ng'ombe, akiniuliza kila baada ya mita mia kama ni hapa nilipokimbilia. Njia ya Ossi bado inaonekana, mstari wa barafu katikati ya madimbwi.

Ndani ya Kurkisaari korongo wawili walikuwa wameshafika, wanatembea majini kama wenye nyumba. Ndege hao hawakai kwenye msitu mnene, hupenda maji na uwazi, na kisiwa kina jina lao. Kila mtu aliyewahi kuifungua ramani angeweza kujua, mimi wa kwanza.

Nilizunguka na kibati. Veijo kashika karatasi mpya na penseli.

"Kumi na tisa?" akasema.

"Sita."

"Nimeandika sita." Alitaka pia atie sahihi mahali pa mkaguzi, nikamnyang'anya penseli. Mstari ule nimeuacha wazi, na karatasi nimeiweka mezani kwangu ofisini.

Ijumaa, 25 Aprili. Nyuzi nane juu.

Ukoko umekwisha, kinamasi kimejaa maji. Jana Taisto hakuonekana kutwa nzima, na simu hakupokea.

Leo asubuhi nimekuta mezani karatasi mbili. Kwenye mpya, mstari wa mkaguzi: "Nimehesabu mitano na nusu. Sita inakubalika. T.P." Ya pili ni ile yangu ya zamani, yenye ukaguzi wake wa 1986. Nilidhani iko mfukoni mwa koti langu la kazini, na koti hilo limetundikwa ofisini tangu Januari. Sahihi yake imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa wino uleule mweusi: "Sikufika. Nilikaa garini." Nakala moja kaipeleka makao makuu na nyingine kwa Ossi, kwa mujibu wa maandishi ya chini.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa akisoma, miguu peku, na buti zake zimeegemezwa kwenye kipasha joto, zimelowa mpaka magotini, maji ya kahawia yanatiririka sakafuni. Nikaenda kumletea kahawa, bila sukari.